Lugha ya Nira: Nilichojifunza kwa Ng'ombe Wawili wa Bonde la Ruzizi

Neno nira nililijua kanisani miaka mingi kabla sijaiona nira yenyewe. Uvira nzima inalijua hivyo. Mhubiri akifungua Mathayo sura ya 11 anatueleza juu ya nira iliyo laini. Akifika Wakorintho wa Pili sura ya 6 anawaonya vijana wasifungwe nira na wasioamini, na sisi kwenye mabenchi ya nyuma tunaelewa kwamba habari ni ya ndoa. Mtu angenitaka nichore nira ubaoni, ningechora mnyororo.

Makala haya yanaeleza jinsi nilivyojifunza kuzoeza na kuendesha maksai wawili katika shamba la familia yetu karibu na Sange, kaskazini mwa Uvira kwenye barabara ya kwenda Bukavu. Nayaleta katika jarida la kitivo cha lugha, wala si cha kilimo, kwa sababu kosa lililokaribia kutupotezea ng'ombe wale lilikuwa kosa la lugha, na mkosaji nilikuwa mimi, mwanafunzi wa lugha.

Maneno yalivyotufikia

Tukiyapanga maneno ya kazi hii kwa asili yake tunaona tabaka zake waziwazi. Ng'ombe, lima na jembe ni ya Kibantu. Nira ni ya Kiarabu, na fahali, lijamu na hatamu ni vivyo hivyo. Maksai na kitenzi hasi yanatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, kwa hiyo anayesema "maksai aliyehasiwa" amehasi mara mbili. Plau ni ya Kiingereza, na upande wetu wa ziwa wengi wanaiita kwa Kifaransa, charrue. Yaani mnyama tulikuwa naye na kulima tulikulima, lakini neno la kile kinachounganisha viwili hivyo lilitoka nje.

Historia ya njia ya ziwa inasaidia kueleza jambo hili. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society, aliyekuwa ameishi kusini mwa Afrika na kuyazoea magari ya ng'ombe, aliijaribu njia ya Saadani hadi Mpwapwa akiwa na ng'ombe wachache, akaona inapitika. Mwaka uliofuata msafara mzima ulianza safari ya kuja Ziwa Tanganyika kwa magari ya kukokotwa. Ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, magari yakaachwa, na Edward Hore na J. B. Thomson walipoingia Ujiji mwezi wa nane 1878 mizigo yao ilikuwa imeletwa na mabega ya watu. Sishangai basi kwamba Kiswahili cha njia ile kina mpagazi, mzigo, ngata na mzegazega, lakini ukikiuliza jina la kijiti kinachoshika shingo ya ng'ombe kwenye nira, kinakuna kichwa.

Kwingineko mambo yalikwenda mbele. Wateso wa Uganda walianza kulima kwa maksai karibu na mwaka 1910, pamoja na pamba. Usukuma nako plau ilienea pamoja na pamba. Nyumbani kwetu ililetwa na ukimbizi. Baada ya vita ya 1996 mjomba wangu aliishi Kigoma, na huko alifanya kibarua kwa mkulima Msukuma aliyekuwa amehamia upande wa Uvinza na ng'ombe wake. Aliporudi hakuwa na mali yoyote ya kuonyesha. Alikuwa na kazi hiyo mikononi, na kijitabu cha kurasa chache juu ya wanyamakazi, kilichonakiliwa mpaka picha zikawa madoa meusi.

Siku kumi za mwanafunzi wa lugha

Ng'ombe walinunuliwa kwa fedha ya mihogo na zamu ya mama katika likelemba. Walikuwa madume wawili wa miaka miwili na nusu hivi, wa aina ya Ankole, wenye pembe ndefu. Wamekwisha kuhasiwa na kupona. Mama alisema mara moja tu, na hakurudia: mvua za mwezi wa kenda zikianza na ng'ombe hawajui kazi, atawauza kwa mchinjaji, arudishe deni, na sote turudi kwenye jembe la mkono. Hayo yalisemwa katikati ya mwezi wa saba.

Wiki ya kwanza mjomba hakutumia nira kabisa. Aliwavalisha kamba za kichwani, akawafunga karibu na nyumba, akawa anawasugua migongo na kuwalambisha chumvi kiganjani. Asubuhi aliwatembeza, mmoja mmoja, kisha wakiwa wawili. Mimi niliona anapoteza wakati. Wiki ya pili akawafunga nira bila mzigo. Ilikuwa mti mmoja mwepesi, mrefu kuliko nilivyotarajia ili pembe zisigongane, uliolala mbele ya nundu zao, na kila shingo ilishikwa na vijiti viwili na kamba ya chini. Ndipo nilipoielewa ile sura ya 6 ya Wakorintho. Nira haimfungi mnyama kama mnyororo unavyomfunga mfungwa. Inamfunga kwa mwenzake. Mmoja akiwa mfupi au mvivu, mti unapinda upande wake na kumkaba mwingine. Mhubiri wetu alikuwa sahihi kuliko yeye mwenyewe alivyojua.

Kisha mjomba akashikwa na malaria, akateremka Uvira kutibiwa, akaniachia kijitabu.

Nilikisoma kwa bidii ya mtihani. Kilisema mpe mnyama jina. Nikawaita Baraka na Bahati. Kilisema tumia amri zilezile kila siku. Nikaandika orodha kwa Kiswahili sanifu: "Twende", "Simama", "Geuka kulia", "Geuka kushoto", "Rudi nyuma". Mjomba alikuwa anasema "kuume", kama tunavyosema wote Uvira, lakini mimi nilimsahihisha hata akiwa mgonjwa mbali. Kilisema baada ya nira tupu wavute gogo. Nikachagua gogo la mwembe ambalo vijana wawili walishindwa kulinyanyua. Ng'ombe huvuta kwa muda mrefu nguvu isiyozidi sana sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na wetu walikuwa bado wadogo. Hesabu hiyo ilikuwamo kijitabuni, katika ukurasa ambao niliuona wa wataalamu wa mifugo.

Nilisimama mbele yao, nikiwatazama usoni, nikavuta kamba na kusema "Twendeni!" Hawakwenda. Nilisema kwa sauti zaidi. Walipoondoka hatimaye waliondoka kwa kuruka, na mimi nikapiga kelele "Simama! Simama! Simama!" nikikimbia pembeni, nao wakazidi kukimbia mpaka gogo likakwama kwenye kichuguu. "Geuka kulia" ilileta upande wowote. Siku ya nne nilianza kutumia fimbo. Siku ya sita Bahati aligundua kwamba akisukuma makalio yake nje anaweza kugeuka na kukabiliana na mwenzake ndani ya nira. Siku ya nane Baraka alilala chini, akiwa bado ndani ya nira, akakataa kuamka mpaka nilipomfungua. Siku ya tisa alilala kabla hata ya gogo kufungwa.

Wafugaji watanielewa. Ng'ombe aliyejifunza kwamba akilala anafunguliwa amejifunza jambo moja, na amejifunza vizuri sana. Mama alisimama kando ya uzio akatazama. Jioni alikwenda kuongea na mchinjaji wa Sange.

Walichokuwa wanasikia

Mjomba alirudi siku ya kumi na moja, amekonda. Aliniomba nifanye kama nilivyokuwa nafanya, akakaa juu ya jiwe, hakusema neno kwa muda wa robo saa. Kisha:

"Mwalimu, hawa hawakusoma. Unawaambia maneno mingi, wanasikia makelele tu."

Nilimwonyesha orodha yangu. Aliisoma kwa sauti, polepole, akicheka kidogo kila mstari.

"Unasema 'geuka ku', unasema tena 'geuka ku'. Ng'ombe anakungojea mpaka mwisho wa neno? Anageuka pale anapenda."

Hapa ndipo somo la fonolojia nililolipita kwa alama nzuri liliponirudia. Amri zangu mbili zilifanana kwa silabi nne mfululizo: ge-u-ka-ku. Tofauti ilikuja mwishoni, wakati mnyama amekwisha kuanza kuitikia. Msikilizaji wa Kiswahili husubiri, kwa sababu anajua sentensi itafika mahali. Ng'ombe hana sentensi. Kwake sauti ya kwanza inayotofautiana ndiyo taarifa yote. Na ubishi wangu wa kulia na kuume haukuwa na maana yoyote, maana yote mawili yanaanza na ku-, sawa na kushoto.

Majina nayo yalikuwa vilevile. Baraka na Bahati: silabi tatu na tatu, ba- na ba-, mkazo katika silabi ya pili. Darasani ningewapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza jozi hiyo kama mfano wa majina yanayochanganyika. Mjomba alimtazama yule wa pili, mwenye madoadoa ubavuni, akasema ataitwa Chui. Jina fupi, linaloanza na sauti kali, lisilo na irabu a hata moja. Sikio la ng'ombe linafika mbali kuliko letu katika sauti nyembamba: binadamu huishia karibu na hezi 20,000, ng'ombe huenda hadi karibu 35,000. Ch haimpiti.

Halafu kuna lile la "Simama! Simama! Simama!" Kiswahili kinasisitiza kwa kurudia, na hofu inapandisha sauti; kwa hiyo nilipotaka wasimame nilitoa mfululizo wa sauti fupi, kali, zinazopanda. Mtafiti Mmarekani Patricia McConnell alikusanya sauti za watu wanaoendesha mbwa na farasi katika lugha nyingi, akaona mfanano: sauti fupi za kurudiwa hutumika kuamsha na kuharakisha, na sauti moja ndefu hutumika kutuliza au kusimamisha. Katika jaribio lake kwa watoto wa mbwa, lililochapishwa 1990, wale walioitwa kwa milio mifupi inayopanda walijifunza kuja upesi kuliko walioitwa kwa mlio mmoja mrefu unaoshuka. Mimi nilikuwa nasema simama kwa maneno na kimbia kwa kiimbo. Ng'ombe walitii kiimbo.

Amri ya mjomba ya kusimama haiandikiki vizuri. Ni "ooo" moja, ndefu, inayoshuka na kuishia kifuani, na mtu akiisema hawezi kuharakisha hata akitaka. Ya kuondoka ni "haya" moja fupi, kisha milio ya ulimi. Hazimo katika kamusi kama amri za ng'ombe, na sidhani kwamba zinahitaji kuwamo.

Mahali pa kusimama

Sauti ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ni mahali, na hapa naomba wenzangu wa pragmatiki wanivumilie.

Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu mzunguko mzima isipokuwa sehemu ndogo nyuma yake kabisa. Bega lake ni kama mstari wa mpaka: mtu akisogea nyuma ya bega, ng'ombe huelekea mbele, akisogea mbele ya bega, husimama au kurudi. Wafugaji wa bonde letu wanalijua hili miguuni, bila kulisema, na ndivyo mtoto wa miaka minane anavyoweza kuswaga ng'ombe thelathini barabarani kati ya malori. Mimi nilisimama mbele, nikamtazama usoni, nikamwambia twende.

"Mdomo yako inasema kuja, mwili yako inasema simama," mjomba aliniambia. "Asikie gani?"

Alinihamisha nyuma ya bega la Baraka, kushoto, hatua mbili nje. Akachukua fimbo yangu, akaivunja, akanipa nyembamba zaidi. Fimbo, alisema, ni ya kugusa. Ukipiga umeshaacha kuongea. Kisha akanionyesha jambo ambalo katika kozi zetu za semantiki sijaliona likielezwa kwa uwazi huo. Alisema "haya", akaikaza kamba kidogo, na mguu wa kwanza wa Baraka ulipoinuka tu, akailegeza. Mguu mmoja basi. Akasimama, akampa chumvi. Akarudia. Maana ya "haya" haikuwa katika neno wala katika kamba. Ilikuwa katika kule kulegea kulikofuata, na kulegea huko kusipokuja papo hapo neno halipati maana yoyote. Mimi nilikuwa naendelea kuvuta hata wanapotembea, kwa hiyo kila "twende" ilikuwa na maana ya taabu isiyokoma.

Kumwondolea Baraka tabia ya kulala kulichukua siku kumi na mbili. Mjomba hakumpiga wala hakumfungua. Alikaa naye, akiwa amelala, bila kusema, mpaka alipochoka kulala. Alipoinuka alipewa chumvi na kazi ikaisha kwa siku hiyo. Kazi yenyewe ilipunguzwa kuwa nira tupu kwa muda wa kupika chai. Mama aliuliza mara mbili kama hicho ndicho kilimo.

Kugeuka tulikufundisha kwa njia niliyodhani ya kuzunguka mpaka nilipoifikiria. Ng'ombe wawili ndani ya nira hawageuki kwa pamoja. Ili kwenda kushoto, wa kushoto anapunguza na wa kulia anaongeza. Kwa hiyo hakuna haja ya neno la kushoto wala la kulia, yatosha majina. Mjomba aliita "Chui!" na mlio wa ulimi, Chui akaongeza hatua, nira ikamsukuma Baraka, wote wakaelekea kushoto. Aliita "Baraka!" wakaelekea kulia. Kila mmoja anabaki upande wake maisha yote, zizini hata kwenye maji, la sivyo mfumo mzima unaanguka. Chui aliwekwa kulia kwa sababu plau yetu inamwaga udongo upande huo, na ng'ombe wa kulia hutembea ndani ya mfuo, yaani ule mfereji uliochimbwa katika mzunguko uliotangulia. Anatakiwa kuwa mtulivu wa miguu.

Niliona pia jambo dogo la sarufi, na nalitaja bila kudai kwamba ni kanuni. Mwezi wa saba mjomba alikuwa anasema "ile ng'ombe", kama wengi wetu tunavyosema kwa mifugo. Kufikia mwisho wa mwezi wa nane alisema "huyu", na mara nyingine "huyu bwana". Ng'ombe wa jirani waliendelea kuwa "zile".

Shambani

Tulifika shambani siku tatu baada ya mvua ya kwanza, tukiwa tumechelewa kidogo. Sikuwa nimefikiria jinsi tutakavyoonekana. Katika bonde la Ruzizi ng'ombe ni wa mfugaji na jembe ni la mkulima, na ng'ombe anapokanyaga shamba watu hukumbuka magomvi ambayo hayakuishia kwenye mihogo. Hatujamaliza mfuo wa kwanza, mtoto akapiga yowe kutoka kwenye kichaka: "Ng'ombe ziko mu shamba!" Watu walikuja kweli, wanaume watano au sita, wawili na fimbo. Mjomba akatoa ile "ooo" yake ndefu. Baraka na Chui wakasimama, pua zikitoa mvuke, na plau ikabaki imesimama udongoni nyuma yao.

Wanaume walizunguka. Mmoja alishika mti wa nira, akaupima kwa mkono.

"Hii njo nira?" akauliza.

Mjomba akamjibu kwamba njo hiyo. Yule mzee alikuwa shemasi. Aliuliza nani kati ya wawili hawa ndiye asiyeamini, na watu wakacheka mpaka yule mtoto naye akatoka kichakani. Tulilima mpaka saa nne, kisha jua likawa kali tukawafungua. Kipande tulichomaliza asubuhi ile mama alikuwa anakilima siku nne.

Wazee wawili kati ya wale wameniomba niwaandikie kijitabu upya, kwa Kiswahili cha hapa. Nimeanza. Nimetupa orodha ya amri na kuweka jedwali lenye safu tatu: mahali unaposimama, sauti, na kile unachofanya mara tu mnyama akiitikia. Safu ya sauti ndiyo inayonisumbua, kwa sababu hati ya Kilatini haina njia nzuri ya kuonyesha urefu na kushuka kwa ile "ooo", na alama za kitaalamu za fonetiki hazitamsaidia mtu wa Sange. Kwa sasa nimechora mstari unaoteremka kama mlima.

Mstari wa "rudi" ni mtupu. Kurudi nyuma na nira ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa kuwa ng'ombe hapendi kukanyaga asipoona, na nyuma yake kabisa haoni. Mjomba anasimama mbele yao, anagusa vifua kwa fimbo, anasema neno ambalo nadhani ni la Kisukuma na ambalo yeye mwenyewe hajui maana yake. Chui anarudi hatua moja. Baraka anageuza kichwa na kumtazama.